Buibui wa Baba Mkwe Wangu

Najua mlianza kumwomba Eufrazia. Mlimfuata nyumbani kwake, akawapikia, akawachekesha, akawaambia kalamu inamchosha, ndipo mkakumbuka kwamba na mimi nipo. Sikasiriki. Nimezoea kutajwa wa pili popote Eufrazia anapotajwa. Nimestaafu, muda ninao, na darasa la nne nililoishia lilinifundisha mwandiko unaosomeka kuliko wa madaktari wengi niliowafagilia vyumba. Mambo ya vyeo na mshahara siyaandiki. Hayakuwa mengi, na hayajawahi kumponya mtu.

Mmetaka niandike juu ya watu wanaokuja chumba cha vidonda wakisema wameumwa na buibui. Bado wanakuja, na nyinyi wahudumu wapya mnawacheka, au mnawaogopa na kuwakimbiza kwa daktari hata kama ni upele. Yote mawili hayafai. Nitaandika kama nilivyoona, tangu mwanzo, na Eufrazia atakuwemo, maana nimejaribu kumtoa nikashindwa.

Nilianza kazi mwaka 1978, kipindi kile askari walipokuwa wakipita barabarani na magari yao kwenda vitani, na sisi tunaambiwa tuendelee kufagia. Zahanati yetu ilikuwa upande wa Ihanda, bati limetoboka, ukuta umepakwa chokaa, kahawa za watu zimefika mpaka dirishani. Aliyenipokea alikuwa Mzee Simeo, dresa, yaani mfunga vidonda, aliyefundishwa kazi misheni, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka unadhani lingeweza kusimama bila yeye. Aliniangalia mikono kabla hajaniangalia uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kucha hizo ni za kulimia au za kuoshea vidonda?"

"Za kulimia, mzee."

"Nenda kazikate, kisha rudi tuamkiane upya."

Nilizikata kwa wembe nyuma ya choo, nikarudi, tukaamkiana upya. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya mwanzo, na mengine yalifuata kwa mtindo huo huo. Alinionyesha kuchemsha vyombo kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa mpaka maji yacheze sawasawa, sio yale ya kutoa moshi tu. Alinionyesha kuosha kidonda kuanzia katikati kwenda nje, na pamba iliyopita mara moja hairudi tena. Alinionyesha kusoma gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia, iliyotolewa kwenye kidonda kabla ya kuitupa: rangi yake, harufu yake, kama imelowa au imekauka. "Mgonjwa anaweza kukuficha," alisema, "gozi haina aibu."

Siku hiyo hiyo akaja mama mmoja kutoka Kanoni, mkono ameufunga kwa jani kavu la mgomba.

"Buibui kaniuma, waitu, jamani."

"Ulimwona?" Mzee Simeo akamuuliza.

"Nitamwonaje? Nilikuwa nimelala."

"Basi usimsingizie. Hayupo hapa ajitetee."

Tulipofungua tukakuta jipu limeiva, lina kichwa chake kabisa. Mama yule aliondoka akiwa nafuu lakini amenuna, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Mimi nilimuunga mkono Mzee Simeo moja kwa moja. Nilipenda namna ile ya kusema.

Sasa nieleze kuhusu buibui wenyewe. Nyumba zetu nyingi wakati ule ziliezekwa nyasi, na hata sakafuni tulitandika nyasi, tukiongeza mbichi juu ya zilizokauka. Buibui angetafuta wapi pazuri zaidi ya hapo? Kuna yule bapa wa kijivu anayekaa ukutani nyuma ya kalenda. Ukimtazama unadhani ni doa mpaka akimbie kwa ubavu. Kuna mwenye miguu mirefu kama nywele anayening'inia pembeni mwa dari. Huyo hana hata nguvu ya kukutoboa. Kuna mdogo anayerukaruka dirishani akiwinda nzi, na huyo ningemwajiri kama ningekuwa na uwezo. Halafu kuna mkubwa mwenye manyoya anayeingia kutoka shambani mvua zinapoanza. Huyo anatisha, na akibanwa ndani ya buti la mpira anauma kweli.

Wakiuma, unasikia kama umechomwa na mwiba, wengine wanasema kama nyuki. Panakuwa pekundu, panavimba kidogo, panawasha. Mwingine anatokwa jasho, lakini mara nyingi jasho hilo ni la woga. Baada ya siku moja au mbili panapoa. Osha kwa sabuni na maji safi, weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, mwambie asikune, mwambie arudi kama panazidi. Mtu akivimba midomo na kuhema kwa shida, huyo usimwoshe wala usimuulize habari nyingi. Mpeleke kwa daktari mbio, awe ameumwa na buibui, nyuki au siafu. Lakini katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona mtu wa kwetu aliyeuawa na buibui wa nyumbani. Nimewaona waliouawa na kitu walichokiita buibui.

Kinachowaharibu zaidi ni dawa zao wenyewe. Wanachanja na wembe uliowanyoa watu watatu. Wanapaka mafuta ya taa, samadi, ule unga mweusi wa betri. Na kuna kile kikaratasi cheupe ambacho buibui bapa anatagia mayai yake ukutani: watu wanakibandua na kukibandika juu ya jeraha. Kinazuia damu, sikatai, lakini kinakuja na vumbi la ukuta mzima. Mtu anamshtaki buibui, kisha anakwenda kumwibia shuka lake.

Eufrazia aliletwa mwaka uliofuata. Mume wake alikuwa karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Muleba, na baba yake, kama alivyotuambia sana, alikuwa na duka. Alikuwa mweupe, mnene wa kupendeza, ana mwanya. Alipewa eproni kama yangu, ndoo kama yangu, na kazi ile ile ya kuosha vidonda na kudeki. Sijui ilikuwaje, lakini haukupita muda watu wakaanza kumwita Sista. Mimi niliyetangulia niliitwa "wewe mama."

Tulikuwa na meza mbili za vidonda, na katikati pazia la shuka la zamani. Upande wangu mtu alikuwa ameshaoshwa, ameshafungwa, anaonyeshwa mlango, kabla hajamaliza kutaja kitongoji chake. Upande wa pili Eufrazia ameketi kwenye kigoda, kichwa ameinamisha, anasema, "Enhe? Halafu?" Basi mgonjwa anaanzia alfajiri, jinsi alivyoamka, jinsi mbuzi walivyofunguka, jinsi mke mwenza alivyomtazama, mpaka afike kwa huyo buibui jua limeshapanda. Na Eufrazia hasemi kwamba si buibui. Anasema, "Ee, pole. Alikuwa wa rangi gani?"

Siku moja benchi la nje lilijaa, na meza yangu ilikuwa tupu. Nikatoka nikamwambia mama mmoja aliyeshika mguu wake:

"Njoo ndani, mama. Kuna nafasi."

"Ahsante. Namsubiri Sista."

"Sista gani? Hapa hakuna sista. Nipo mimi na yupo yule."

"Basi namsubiri yule."

Benchi zima likacheka. Nikaenda kuosha ndoo iliyokuwa safi.

Katika miaka ya themanini wakaja wengine, vijana wengi, wenye malengelenge yaliyopanga mstari upande mmoja wa mbavu, yanachoma kama moto. "Buibui kanikojolea usingizini." Buibui hana habari na jambo hilo. Ulikuwa mkanda wa jeshi, na kwetu Kagera tulianza kujua kwamba mara nyingine mkanda ule unatangulia mgeni gani: UKIMWI. Mimi niliwaambia wazi: hii si kazi ya buibui, nenda kwa daktari. Walifunga vifungo vya shati wakaondoka, wengine hawakuonekana tena. Eufrazia aliwaacha waseme habari za buibui wao mpaka ziishe, kisha akawashika mkono hadi mlangoni kwa daktari, na wakaingia. Ukweli niliusema mimi, watu akawapata yeye. Jambo hilo linanikera mpaka leo ninapoliandika.

Mzee Simeo alipoondoka kazini alikuwa na kibano chake cha chuma cha misheni, kizito, ambacho hakikuwahi kulegea. Kila asubuhi nilikichemsha mimi. Kukiweka mezani, mimi. Siku ya kuaga alikifunga kwenye kitambaa safi akampa Eufrazia. Mimi alinipa mkono, akaniambia, "Wewe sina wasiwasi na wewe." Mtu ambaye hana wasiwasi nawe hakupi kitu.

Sasa nifike kwa baba mkwe wangu, maana yote niliyotangulia kusema mnaweza kuyasoma kwenye mabango ya ukutani.

Mzee Bitegeko alikuwa Mnyambo wa ng'ombe na migomba, mjane, mrefu, wa maneno machache. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya kibanja chake, shamba lake la migomba. Mume wangu alikuwa Bukoba kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo aliyempikia mzee nilikuwa mimi. Wale mliotoka mbali lazima mwelezwe: kwetu mke wa mtoto, ambaye tunamwita mukamwana, hamgusi baba mkwe wake. Hapiti karibu naye, haketi alipoketi, hali naye chakula, hamtazami usoni. Nilikuwa naweka chakula chake mlangoni, nakohoa, naondoka, ndipo anatoka kukichukua. Miaka yote ile nilimfahamu kwa mgongo na kwa sauti. Hiyo ndiyo heshima yetu, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka siku hiyo.

Alikuja zahanati wakati wa kiangazi, amepakiwa kwenye baiskeli ya jirani yake Kamuli, shati la mikono mirefu, mkono mmoja ameukumbatia. Nilikuwa uani naanika bandeji. Aliponiona akageukia kahawa, nami nikageukia ukuta, nikamwamkia kwa jina la tata, yaani baba.

"Shikamoo tata."

"Marahaba. Yule mwenzako yupo?"

"Yupo, tata. Kuna nini?"

"Buibui tu. Mwite. Wewe endelea na kazi zako."

Nilimwita, ningefanyaje? Wakaingia nyuma ya pazia, na mimi upande wangu nikamsikia mzee yule, ambaye nyumbani salamu ilikuwa inamchosha, anazungumza kama redio. Alisimulia jinsi alivyokuwa kitandani, jinsi alivyosikia kitu kinatembea, jinsi alivyokipiga kofi. Eufrazia akamuuliza kama alikuwa dume au jike, na baba mkwe wangu akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Nilikuwa nafunga kidole cha mtu, nikakikaza mpaka akalalamika.

Jioni alipita mbele ya nyumba yangu na kusema kwa sauti, kama anaiambia migomba, "Yule binti ana mikono myepesi." Mimi nilikuwa jikoni, nampikia.

Akarudi kubadilishwa bandeji, na tena akarudi. Mimi sikuruhusiwa kukiona kidonda, lakini gozi zilizotumika zilikuwa zikija kwangu, maana kuzichoma ilikuwa zamu yangu. Nikazisoma kama nilivyofundishwa. Hazikuwa na usaha. Maji kidogo tu, ya rangi ya chai hafifu, na hazinuki. Nikampata Eufrazia kwenye pipa la maji.

"Kidonda cha mzee kikoje?"

"Kina ganda jeusi katikati, jeusi tii, kama kaa la moto lililozimwa. Pembeni vilengelenge. Na mkono umevimba, dada, umepita kiwiko."

"Anaumia ukigusa?"

"Ndiyo linalonishangaza. Anasema hasikii kitu."

"Jipu linauma. Buibui anauma. Hicho hakikuletwa na jipu wala buibui."

"Kimeletwa na nini basi?"

"Sijui. Muulize alikuwa anafanya nini."

"Nimemuuliza. Anasema alikuwa amelala."

Daktari wetu alikuwa amekwenda Bukoba kufuata dawa, na tulijua gari la dawa linakuja likipenda. Asubuhi iliyofuata Kamuli hakuonekana. Mzee alisukumwa na mtu mwingine, na hakuweza kuketi wima. Nilimwona kwa mbali akishushwa. Shati lilikuwa limembana begani kwa uvimbe, na alikuwa anatetemeka juani. Nikajua kwamba tukiendelea kubadilisha gozi tu, mzee huyu atakufa, na atakufa kwenye chumba nilichokideki mimi, nami siruhusiwi kumshika hata kidole.

Nikamvuta Eufrazia kando kabla hajaingia.

"Leo umuulize vizuri. Umkazie."

"Mtu mzima hakaziwi kama mwizi wa kuku. Ngoja amalize habari za buibui wake."

"Atazimalizia kaburini!"

"Dada, nyamaza, atakusikia. Simama hapo kwenye pazia kama unataka, lakini usikohoe."

Akaingia. Nikasimama pale, na kweli sikukohoa. Alianza pale pale pa siku zote, kwa buibui.

"Tata, huyu buibui wako amenitesa. Hebu niambie tena, alikuja upande gani?"

"Ukutani."

"Na wewe ulikuwa umelala fofofo, mtu mwenye usingizi mwepesi kama wewe?"

"Nilichoka siku ile."

"Pole. Kazi gani ya kumchosha mzee mwenye watoto wakubwa?"

Sauti ya mzee ikashuka, akaanza kuzungumza Kinyambo polepole, maneno mengine sikuyapata. Eufrazia alikuwa anasema, "Enhe. Halafu?" Siku zote nilikichukia kile kineno. Siku ile nilikisubiri kama mvua.

Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna ng'ombe," aliniambia. "Alimkuta amekufa malishoni, damu imemtoka puani. Walimchuna yeye na Kamuli. Hawakumwambia bwana mifugo, kwa sababu angeamuru afukiwe na ngozi yake."

Nikapata jibu kabla hajalitaja. Kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaomshika na anayemchuna. Sisi tuliokulia kwenye ng'ombe tulilisikia neno hilo tukiwa migongoni mwa mama zetu, lakini huwezi kulifikiria kama hakuna aliyekwambia kuna ng'ombe.

"Na nyama?" nikamuuliza. "Nyama ilikwenda wapi?"

Eufrazia akatazama chini.

"Ilikwenda majirani. Na kwako."

Nikakumbuka paja lililowekwa mlangoni kwangu limefungwa kwa majani ya mgomba, na nilivyofurahi kwamba mzee amenikumbuka. Nililichemsha na ndizi, wanangu wakala wakaramba vidole.

"Ndiyo sababu hakutaka kusema," Eufrazia aliendelea. "Anasema angekiri habari za ng'ombe, wewe hapo ungesikia kwamba amewalisha wajukuu wake nyamafu kwa mkono wake. Anasema heri buibui."

Sikulia. Ningeweza kulia, lakini mbele ya Eufrazia hapana.

Hapo barabarani kulikuwa na lori linapakia kahawa. Nikasimama mbele yake mpaka dereva akazima injini.

"Mama, unataka kufa?"

"Kuna mtu anataka kufa, na si mimi. Mnapita hospitali. Mpakieni."

"Gari la kahawa hili, si la wagonjwa."

"Mwekeni juu ya magunia. Kahawa haitalalamika."

Wakampandisha. Barabara ile mnaijua, mashimo mpaka kesho, na ilibidi mtu amkumbatie asirushwe. Mimi mukamwana wake nilisimama chini nimeshika kanga yangu. Aliyepanda akamlaza kichwa mapajani akawa Eufrazia. Lori likaondoka, nikamwona amemfunika jua kwa mkono wake, anaongea naye. Nilimwonea wivu hata katika hilo. Mtu anamshikilia baba mkwe wangu asife, nami namwonea wivu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na siandiki haya ili nionekane mwema.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mtu mkali, na hiyo nilikuwa nayo. Nilikwenda kwa Kamuli. Nilimkuta amejaza nyumba moshi wa pilipili, macho mekundu, anafagia dari.

"Unafanya nini?"

"Nawafukuza buibui, mama. Mmoja ameniuma na mimi, hapa shingoni."

"Geuka nione."

Kidoa kilikuwa kidogo bado, lakini katikati kilishaanza kuwa cheusi.

"Huyo buibui ana pembe na kwato, Kamuli. Weka ufagio chini twende."

Alikataa, akasema hakuna ng'ombe, akasema mimi ni mwanamke wa maneno. Nikamwambia achague: aende hospitali akiwa anatembea, au nimwite bwana mifugo hapo hapo ampime yeye na ngozi aliyoificha uvunguni. Akavaa kofia. Yeye alipata sindano mapema na hakulazwa hata. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kwa wote waliogawiwa, nikachungulia sufuria, nikagusa watoto mapaji ya uso, nikamwaga nyama waliyokuwa wameikausha juu ya moto. Walinitukana sana. Bwana mifugo alikuja, ngozi na mifupa vikachomwa, vikafukiwa shimo refu. Wanangu niliwagusa mapaji ya uso asubuhi na jioni mpaka wakaanza kunikimbia. Hawakuugua. Mzee Simeo alinifundisha kuchemsha vyombo mpaka maji yacheze, na nadhani na nyama nilikuwa naichemsha hivyo hivyo.

Mzee Bitegeko alichomwa sindano za penisilini hospitali mpaka uvimbe ukashuka. Walisema angechelewa kidogo tu asingerudi. Alirudi amekonda, shati la mikono mirefu, akapita mbele ya nyumba yangu, akasimama akiwa amegeukia migomba.

"Watoto wamekula?"

"Wamekula, tata. Wazima."

"Haya."

Hayo ndiyo tuliyozungumza kuhusu ng'ombe yule, na mimi nilitosheka, au nilidhani nimetosheka. Maana siku iliyofuata akasema tena, akiiambia migomba, kwamba Sista lazima ashukuriwe. Alikata mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani, akajaza kibuyu kizima rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na zawadi ya mzee wa nyumba hubebwa na nani? Na mukamwana. Nikaiweka kichwani, kibuyu mkononi, nikapandisha kilima mpaka kwa Eufrazia, watu njiani wananiuliza kuna harusi ya nani.

"Waitu, dada!" Eufrazia akatoka mbio kunitua. "Umebeba mwenyewe mzigo wote huu?"

"Abebe nani? Mukamwana ni mimi."

"Karibu ndani. Keti tunywe kidogo."

"Nimeacha mboga motoni."

"Basi niambie tu, mkono wake ukoje? Ganda limedondoka? Kovu halimvuti akinyoosha vidole?"

Nilisimama pale mlangoni kwake, jasho la mkungu linanitiririka. Nilikuwa nampikia mtu yule kila siku. Nilikuwa nafua mashati yake. Mikono ya mashati ilikuwa mirefu, na mbele yangu hakuwahi kuikunja.

"Anakula vizuri," nikasema.

Kwa hiyo nyinyi mnaobaki, mtu akija na buibui, mwacheni aseme mpaka amalize. Msimwambie si buibui, hata kama mnajua. Muulizeni siku ile alishika nini, alichuna nini, alilala wapi, nani mwingine kwake ana kidonda. Kidonda kisichouma na chenye weusi katikati kisilale hapo zahanati hata kidogo. Haya ni maarifa ya Eufrazia, nayaandika mimi kwa sababu yeye kalamu inamchosha. Gozi mzisome wenyewe. Hilo ni langu.

Mzee aliishi miaka mingine mingi na hakuchuna tena ng'ombe aliyekufa. Alipofariki, wanaume ndio waliomwosha, kama desturi ilivyo, na mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu. Eufrazia alikuja kwenye matanga, akaketi karibu nami, na nilimuuliza kwa sauti ya chini, nikijifanya ni mambo ya kazi. Aliniambia kovu lilikuwa dogo, mfano wa punje ya kahawa, limezama kidogo katikati, juu tu ya kifundo cha mkono. Nimefunga vidonda vya watu wa Ihanda na Kanoni mpaka mgongo wangu ukapinda. Hicho kimoja, cha mtu wa nyumbani kwangu, nimesimuliwa.